Mlango Uinuliwe Kidogo

Dalali alianzia mwaka wa kuzaliwa:
sitini na nane, jamani, Pijo mia nne na nne,
rangi ile ile, viti vile vile!
Si kweli. Kiti cha nyuma kimeshonwa upya mara tatu
na Fundi Chitemo wa Gerezani,
na mara zote sababu ilikuwa moja,
isiyosemeka kwenye kipaza sauti
mbele ya watu wa tai.

Nilikaa safu ya nne, ukumbini Upanga,
kibao cha namba mapajani.
Mama alishanionya: ukikiinua hicho,
kwangu hukanyagi.
Sadaka hairudi nusu njia kama chenji.

Baba aliinunua kwa mkopo wa bandarini
mwaka ambao mtaa wetu mzima, Magomeni,
ulikuwa na gari moja, nalo ndilo hilo.
Ikawa ya kila mwenye shida.
Hodi, hodi, Mzee Pazi,
uchungu umemshika mtoto wa watu!
Baba anatoka na kikoi, viatu mkononi,
funguo kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumapili moja, miaka ya foleni za sukari,
gari kuonekana barabarani baada ya saa nane ni kesi,
askari akamsimamisha pale Fire.
Baba hakutoa leseni.
Alishusha kioo cha nyuma,
kilio kikatoka, chembamba, kibichi.
Askari akavua kofia.
Piteni, akasema. Piteni wote watatu.

Mtoto yule mtaani anaitwa Pijo mpaka leo.
Ana kipara, anauza saruji Manzese,
jina lake la cheti mkewe hulisoma kwenye kitambulisho.

Wengine hawakufika.
Mmoja alikuwa wetu,
miezi saba, mzito kama papai la kupimiwa sokoni.
Ndipo baba akakumbuka kile kitufe
tulichokuwa tukikicheka:
hita, Dar es Salaam, mwezi wa pili!
Akakivuta hadi mwisho, akafunga vioo vyote.
Mama kamkumbatia kifuani, khanga mbili, pamba,
jasho likimtiririka baba mpaka kwenye usukani,
na gari lote likinuka vumbi lililoungua,
vumbi la Ufaransa, lililosubiri miaka yote hiyo.

Walipoiona taa ya geti la hospitali
mama alisema, zima sasa.
Hakusema kingine.
Hita haikuguswa tena.

Kwa hiyo fedha hizi ni za mashine za joto,
wodi ya watoto njiti.
Mama hakutaka jina lake libandikwe ukutani.
Alitaka tu kujua zinatumia umeme kiasi gani,
na ukikatika je?

Milioni kumi na nane. Ishirini.
Ishirini na tatu na nusu, mara ya kwanza,
mara ya pili.
Nyundo ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani,
kama ya kuvunjia kungu.

Nilimfuata mnunuzi nje, kijana mpole,
anauliza kama redio ni ya kiwandani.
Nikamwambia: mlango wa dereva uinuliwe kidogo
kabla ya kuuvuta, usishindane nao.
Asubuhi vuta choki, hesabu saba, usiwe na pupa.
Na hiki? akauliza, kidole juu ya kitufe.
Hicho kimekufa, nikasema.
Sijui kwa nini nilidanganya.

Uani limebaki doa la oili, duara,
mama amekataza lisisuguliwe.

Jana, saa tisa usiku: hodi, hodi.
Mkono wangu ulifika kwenye msumari kabla ya akili,
ukapapasa ukuta.
Nikapiga simu, Bajaji ikaja kwa dakika sita,
nikalipa, nikawafungia pazia la turubai.

Mama kutoka chumbani, sauti imejaa usingizi:
Imewaka?

Imewaka, nikasema. Lala.